Kamba ya Kitenge Juu ya Kamwala

Mama Régine alichoka siku ya Jumanne, akiwa ameketi mbele ya cherehani yake, na alijua mara moja kwamba uchovu huu si ule wa kawaida. Ule wa kawaida walikuwa wamezoeana. Aliamka nao, akaupikia nsima, akalala nao. Huu ulikuwa mgeni. Ulimkuta anashona suruali ya shule, akaiacha sindano imesimama katikati ya mshono, akatazama kamba iliyotundikwa ukutani, akasema kwa sauti ingawa chumbani hamkuwa na mtu:

"Mi sipandi tena."

Kamba ile aliisuka mwenyewe kwa mabaki ya vitenge, kama nywele za binti, nene kama kifundo cha mkono. Ukiitazama vizuri unaona gauni la harusi la fulani, shati la msiba la fulani, na sare ya korali ambayo korali yenyewe ilishavunjika kwa ugomvi. Kamba hiyo ndiyo inayowapandisha wanamaombi wa kanisa lao kwenye kilima cha Kamwala, mwendo wa asubuhi moja kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kwa Kichewa Kamwala ni kajiwe, na aliyekipa kilima jina hilo bila shaka alikuwa amekiona kwa mbali, tena amekaa. Sehemu kubwa ni njia ya mbuzi tu, haina shida. Lakini karibu na kilele njia inakwisha na mwamba unaanza, mtupu, umeinama kama paa la nyumba, na katikati una ufa mmoja wa kutia vidole. Mama Régine anavua sandali, anajifunga kamba kiunoni, anaupanda ufa ule peke yake. Juu anaifunga kwenye mkuyu mdogo uliojiotea mwambani bila kumuuliza mtu, anakanyaga jiwe, anavuta watu wa Mungu mmoja mmoja. Wakati wa kushuka anawashusha wote kwanza, kisha anafungua kamba na kushuka wa mwisho, bila cha kushika.

Amefanya hivyo miaka na miaka. Kazi yenyewe hakuiomba. Alitoka Fizi, kule Kongo, na mume na watoto, wakavuka ziwa, wakakaa Tanzania mpaka wakachokwa, wakafika Malawi. Mume akafia hapa hapa kambini. Siku zile kamba ilikuwa ya mzee mmoja wa Uvira, ya katani, na siku moja mzee akaiweka mikononi mwa Régine kileleni, akashuka, na haukupita muda akapata ndege ya Kanada. Basi wanamaombi wote wakamtazama Régine kwa wivu mtakatifu. Kamba ina ndege! Wakamhesabia miezi, wakamhesabia miaka. Katani ikaoza, akasuka ya vitenge, na ndege haikuja. Alichopata ni magoti. Wivu ukapoa wenyewe, na tangu hapo hakuna mtu aliyetaka hata kuigusa ncha.

Sasa kuna sheria, na sheria hii ndiyo chanzo cha mambo yote. Katika kundi lao, kitu anachopewa mtu juu ya kilele hupokewa kwa mikono miwili wala hakikataliwi, maana kule juu Mungu yuko karibu na anaona vizuri. Chini unaweza kukataa, kusingizia mgongo, kusema utafikiria. Juu, hapana. Kwa hiyo Mama Régine alikuwa na njia moja tu ya kuachana na kamba: aiweke mikononi mwa mtu kileleni. Jumamosi walikuwa wanapanda.

Jumatano alikwenda Lilongwe kwa binti yake Annuarite, anayeuza vitenge sokoni Tsoka. Alimkuta amezungukwa na marobota, anabishana na mteja kuhusu rangi inayotoka na isiyotoka. Mteja alipoondoka bila kununua, Annuarite akamgeukia mama yake aliyekuwa anajishusha kwenye kigoda kama anayeingia maji baridi.

"Mama, magoti gani hayo? Ya nani?"

"Ya kwangu. Yangekuwa ya kuazima, ningekuwa nilishayarudisha."

"Si umupatie mutu kamba? Ku mulima kule hakuna kukataa, si njo sheria yenu?"

"Bote banaijua sheria. Wakinusa tu kwamba nimechoka, hakuna mutu atashusha mikono."

"Basi usiseme."

"Nitamwambia Pasta. Yeye njo mukubwa. Anaweza kumuchagua mutu."

Annuarite akacheka mpaka mwenye meza ya nyanya akageuka. "Pasta Dieudonné? Ule hawezi hata kuchagua shati."

Mama Régine hakucheka. Alikuwa amechoka kucheka pia. Alipewa soda, akainywa nusu, akasinzia pale pale katikati ya kelele za soko, kichwa juu ya robota la vitenge, na binti yake akauza siku nzima akizunguka miguu ya mama.

Alhamisi akaenda kwa Pasta. Pasta Dieudonné ni mtu mwema, mnene kwa kiasi ambacho posho ya kambini haiwezi kukieleza. Kamwala hajawahi kupanda. Wanamaombi wanapopanda yeye hubaki chini akiwafunika kwa maombi, kwa sababu, kama anavyosema, jenerali haendi mbele. Alimkuta kanisani amekaa kwenye benchi, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Bwana asifiwe, Pasta."

"Amina, mama yangu. Kaa."

"Nikikaa sitasimama. Pasta, mi naleta demisio, naacha kazi. Kamba nimeichoka. Utafute mutu mwingine."

Pasta akaacha kujipepea. "Demisio? Kazi ya Mungu iko na demisio?"

"Ya Mungu haina. Ya kamba inayo."

"Mama Régine, sikia. Huko si kuchoka. Hii iko roho. Roho ya uchovu. Inakukamata magoti ili kundi lisipande." Akafumba macho, akayafumbua. "Jumamosi nitapanda mi mwenyewe. Nitakuombea kule kule juu, itatoka."

"Pasta, mi naomba mutu, siombi maombi."

"Itatoka!" akasema Pasta, na kwake mazungumzo yalikuwa yameisha.

Habari ilifika kambini kote kabla hajafika kwake: Mama Régine anataka kuweka kamba. Mama Olga, makamu wake katika maombezi, mwanamke anayependa vyeo vyote ilimradi visiwe na uzito, akapita jioni kumsalimia mikono ikiwa nyuma ya mgongo.

Jumamosi asubuhi wakatoka, wanawake kwa wingi wao, Faustin mpiga ngoma na ngoma yake kichwani, na Pasta kwa suti na tai. Walipita kwenye duka la Djafari, Mwislamu wa Kindu, aliyekuwa anapanga sabuni.

"Munaenda tena?" akauliza. "Mungu wenu iko mbali sana, jamani. Sisi wetu tunamukuta hapa hapa chini."

"We endelea kuuza sabuni," Faustin akamjibu. "Tukikuta pazuri juu tutakuombea."

"Muniombee kivuli. Na Pasta naye anapanda? Eh! Basi mambo ni makubwa."

Pasta alipunga mkono kwa heshima. Kufikia mashamba ya mahindi alikuwa ameshavua koti. Kwenye njia ya mbuzi akafungua kola. Kwenye mwamba akasimama, akatazama juu, akauliza kwa upole kama hakuna mlango mwingine.

Mama Régine akavua sandali. Goti la kulia lilikataa hatua ya kwanza, likakubali ya pili. Vidole vilikuwa vinaujua ufa vyenyewe; yeye aliviacha viende, akafuata. Juu akafunga kamba, akakanyaga jiwe, akaanza kuvuta. Mama Olga alikuja akipiga kelele za kuzaa. Mama Irankunda, Mrundi, alikuja kimya na mtoto mgongoni. Ngoma ikaja. Mwisho akaja Pasta, Faustin akimsukuma kwa bega kutoka chini mahali ambapo pasta hasukumwi, na wanawake wawili wakimsaidia Régine kuvuta.

"Pasta, weka mguu ku ufa!"

"Ufa iko wapi?"

"Pale unaposhika kwa meno!"

Alipofika alilala kifudifudi juu ya mwamba, na wenye imani wakasema anaibusu nchi.

Kisha maombi yakaanza, na hapo Mama Régine akaona kile alichomwambia binti yake. Alifungua kamba, akaikunja, akaibeba mikononi, akageuka kutafuta mtu. Hakukuwa na mtu mwenye mikono. Mama Olga alikuwa ameshika Biblia kwa mkono huu na mkoba kwa huu, na vyote amevikumbatia kifuani kama mtu anayevuka mto. Faustin ameikumbatia ngoma, anaipiga kwa kidevu. Mama Irankunda amemshusha mtoto mgongoni, mtoto aliyekuwa amelala vizuri tu, akambeba kwa mikono miwili. Wengine wote mikono ilikuwa juu, imenyooka, vidole vimetawanyika, kuelekea mbinguni, na haikushuka. Kamwala haijawahi kuona maombi ya namna ile. Watu waliomba kama waliotishiwa bunduki.

Pasta alisimama katikati, mikono juu kuliko wote. "Roho ya uchovu, toka!"

"Toka!"

"Mama Régine, inatoka?"

"Bado," akasema Mama Régine, akizunguka na kamba yake kati ya makwapa yao.

Katikati ya hayo wakatokea watu wengine kutoka upande wa pili wa kilima, ambao kwa mtu wa Dzaleka ni kuzunguka siku nzima: vijana kwa wazee, kofia, fimbo za chuma za kutembelea, viatu vya rangi ambazo hata Tsoka hazipo. Walikuwa watu wa Lilongwe, wafanyakazi wa maofisi, ambao kila mwisho wa wiki hupanda kilima. Walisalimia kwa adabu, wakakaa pembeni, wakatoa mayai ya kuchemsha mbele ya watu waliofunga.

Mama Régine, aliyejifunza Kichewa cha sokoni, akaombwa na wenzake awaulize wamekuja kuombea nini. Akauliza. Akarudi na jibu.

"Hawaombei kitu. Banapenda tu."

"Banapenda nini?"

"Kupanda."

"Bule?" akauliza Mama Irankunda.

"Bule."

"Masikini," akasema Mama Olga, bila kushusha Biblia. "Ofisi inaharibu bantu."

Mmoja wao, dada mmoja wa makamo aliyejitambulisha kuwa Tiyamike, alisogea. Alikuwa ameiona kamba. Akaisifu, kwa Kichewa akasema hajaona kamba nzuri kama hii, rangi zote hizi, nani ameisuka? Kisha akauliza kama anaweza kuishika.

Mama Régine aliikumbuka sheria, neno kwa neno. Sheria haikusema lazima mtu awe wa kanisa. Haikusema lazima awe mkimbizi. Ilisema juu ya kilele, mikono miwili. Akainyoosha kamba. Na Tiyamike, aliyelelewa vizuri na mama yake, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya Wamalawi, akaipokea kwa mikono miwili.

Ngoma ilinyamaza. Mikono yote iliyokuwa juu ikaanza kushuka taratibu. Mama Olga aliacha kinywa wazi na sauti ya kigelegele ikiwa tayari kooni. Kwa muda ule Mama Régine alisimama na mikono mitupu, akashangaa jinsi ilivyo miepesi, akashangaa pia kwamba haikujua ikae wapi.

Tiyamike aliipitisha kamba vidoleni, akaonyesha wenzake kipande chekundu, akaonyesha kipande cha maua. Halafu akapiga goti tena, adabu ile ile, mikono miwili ile ile, akainyoosha, akishukuru.

"Zikomo kwambiri, amayi."

Na Mama Régine, ambaye naye alilelewa vizuri, alipokea.

Alipokea kabla hajafikiri. Ukipewa kwa mikono miwili unapokea kwa mikono miwili. Hata mtoto wa Fizi anayetambaa anajua. Aliitazama kamba imelala tena mikononi mwake kama mtoto aliyerudishwa na shule.

"Amina!" akalia Pasta, na mikono yote ikarudi juu kama chemchemi.

Mama Régine hakukasirika hata, hasira inahitaji nguvu. Akatafuta mahali ambapo mwamba ulikuwa na bonde dogo na kivuli cha mkuyu, akaviringisha kamba ikawa mto, akaweka kichwa, akalala. Si kulala kwa wanamaombi, kule kwa jicho moja. Alilala mdomo wazi.

"Mama Régine!" Pasta akaita. "Tunakuombea na we unalala?"

"Mwacheni," akasema Faustin. "Labda roho inatokea puani."

Wale wa Lilongwe walimaliza mayai, wakapiga picha, wakaaga, wakashuka upande wao wakipiga mluzi. Jua likapanda. Wanamaombi walibaki na tatizo: Mama Régine amelala juu ya kamba, lakini ataamka lini? Anayeshusha mikono ndiye atakayekutwa. Wakaendelea kuomba. Waliwaombea wagonjwa, wafungwa, wajane, kesi zote za kambini, serikali ya hapa, serikali za kule, wakaanza kuombea watu wasiowapenda. Mabega yakatetemeka. Njaa ikaja na miguu yake. Kwanza walikaa wakiwa wameinua mikono. Kisha wakaegemea. Pasta naye alitafuta jiwe lenye mgongo mzuri, akaketi, akalegeza tai.

"Pasta, unalala?" akauliza Mama Olga, ambaye hakulala wala hakuacha mkoba.

"Mutumishi halali, mama. Mi naingia rohoni. Musiniguse, musiniite. Nikiwa rohoni naona yote yanayofanyika hapa." Akafumba macho. Baada ya muda mfupi roho ikaanza kukoroma.

Mama Régine aliamka jua limeshaegemea. Mara ya mwisho kulala hivyo hakumbuki. Hakuamka na nguvu, tusidanganyane. Aliamka mchovu, lakini uchovu ule wa zamani, ule wanaofahamiana. Akakaa. Wanawake walikuwa wamelala ovyo juu ya mwamba kama nguo zilizoanikwa. Faustin amelala ndani ya kivuli cha ngoma yake. Na Pasta Dieudonné ameegemea jiwe, miguu mbele, na juu ya mapaja yake mikono yake miwili imelala wazi, viganja juu, minene, mitupu, imejipanga kama ya mtu anayesubiri maji ya kunawa.

Aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Alifikiri kwamba yule ni pasta. Alifikiri pia kuhusu ufa, na goti la kulia, na mwezi ujao. Kisha akasimama kwa hatua, kama watu wa magoti wanavyosimama, akachukua kamba, akavuka mwamba bila viatu, akapiga goti mbele ya Pasta kwa heshima yote, hata yule dada wa Lilongwe angempongeza, akaiweka.

Vidole vya Pasta vikafunga. Vilifunga vyenyewe, kama vya mtoto mchanga.

Mama Olga ndiye aliyeona, na kigelegele kilichokuwa kimemkaa kooni tangu asubuhi kikatoka chote. Watu wakaruka. Pasta akafumbua macho, akaona kamba, akamwona Régine amepiga goti, akaona kundi zima limemzunguka na mikono yao, kwa mara ya kwanza siku ile, iko chini, imetulia.

"Hii nini?"

"Umepokea, Pasta," akasema Mama Olga.

"Nimepokea wapi? Mi nilikuwa..."

Akakoma. Kila mtu alimwona akilitafuta neno, akalipata, akalitazama, akaliacha.

"Ulikuwa rohoni," Mama Régine akamsaidia. "Mi njo nililala. We ulikuwa rohoni."

"Alisema anaona yote," akasema Mama Irankunda.

"Alisema," wakasema wengine.

Pasta Dieudonné alitazama kamba. Alitazama mbingu, ambayo ilikuwa karibu na inaona vizuri. "Amina," akasema, kwa sauti ambayo kanisani haijawahi kusikika, kwa kuwa ilikuwa ndogo.

"AMINA!" wakajibu, na Kamwala ikatikisika.

Wakashuka. Faustin alimwonyesha Pasta jinsi ya kufunga kwenye mkuyu na mahali pa kukanyaga. Wanawake wakateremka mmoja mmoja, na Mama Régine akasubiri zamu yake katika mstari kama mtu yeyote. Ilipofika, akashika kamba. Hakuwahi kuishika upande huu. Alikuwa hajui kwamba ina fundo linaloumiza kiganja, na watu wote hawa hawakuwahi kumwambia. Akateremka polepole, akafika, akakaa, akavaa sandali.

Faustin akashuka wa mwisho kabla ya mwenye kamba. Juu akabaki Pasta peke yake, tai inapepea.

"Mama Régine!" sauti ikaita kutoka kule. "Na mi nashukaje?"

Wote wakamgeukia. Alifikiria kidogo, swali lilikuwa la haki, na mtu alistahili jibu la kweli.

"Fungua kamba, Pasta, uvae shingoni. Halafu ushuke kwa matako. Mi nilianza vile."

Alishuka kwa matako. Ilichukua muda, na suruali haikufika yote. Faustin alisimama chini yake amepanua mikono, wanawake wakamwimbia. Alipogusa majani, akavua kamba shingoni, akainyoosha mbele yake kwa mikono miwili, akamtazama Mama Olga, akamtazama Mama Irankunda, akazunguka duara zima. Lakini pale palikuwa chini, na chini mtu anaruhusiwa kusema atafikiria. Wote walisema watafikiria.

Akamtafuta Mama Régine. Alikuwa ameshatangulia, mbali kidogo, kwenye njia ya mbuzi, anachechemea bila haraka, mikono inaning'inia pande zote mbili.